Unyayo Chini ya Karai

Mimi mtu akija kwangu namtazama miguu kwanza, uso baadaye. Siyo dharau, ni kazi. Nimegonga viatu hapa Babati mjini tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nimeegemea ukuta wa duka la Mwislamu mmoja ambaye babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, akaoa huku, akasahau kurudi. Huyo mjukuu, ambaye sasa naye ni babu, huniambia kila Ramadhani kwamba ukuta wake umepinda kwa sababu ya mgongo wangu. Namjibu kwamba ukuta ulijengwa umepinda, ndiyo maana mgongo wangu uko hivi.

Shule niliishia darasa la tatu. Wenzangu wa umri huu husema waliachishwa na umaskini. Mimi niliachishwa na nyuki. Tulitumwa kukata kuni, nikapiga shoka kwenye mti wenye mzinga, nikavimba uso siku kumi, na nilipopona nikaona kukaa nyumbani kuna raha yake. Mama yangu alifariki akiamini kwamba mwalimu ndiye aliyenifukuza. Kwa hiyo herufi ninazijua, ila nikiziandika zinakwenda kama ng'ombe wasio na mchungaji, nawe msomaji utanivumilia.

Kazi yangu kubwa zamani ilikuwa makatambuga, vile viatu vya tairi la gari. Wafugaji, wakulima wa Mutuka, wachoma mkaa, kila mwenye safari ndefu alivaa hayo. Unakata soli kwenye tairi, unatoboa kandokando, unapitisha mikanda ya mpira, unagonga misumari, mtu anavaa mpaka anazeeka. Ubaya wa katambuga ni mmoja tu: halichakai, kwa hiyo mteja harudi. Ningekuwa na akili ya biashara ningeuza kitu kinachooza.

Tena nina ugonjwa mmoja. Situpi kitu. Soli niliyoibandua naitia kwenye gunia nyuma yangu, kwa sababu kisigino cha mtu wa leo kinaweza kupata kiraka kutoka kwenye kidole cha mtu wa jana. Marehemu mke wangu aliliita lile gunia mke mwenzake. "Leo umelala na mimi au na gunia?" aliniuliza siku nikichelewa kurudi. Gunia hilo ndilo lililomtoa mdogo wangu kwenye kitanzi, lile pamoja na karai la shangazi yangu. Hilo ndilo nililokaa kulieleza, na nikipotea njiani mjue nitarudi.

Mkoa wetu ulikuwa bado mchanga. Kabla ya hapo sisi tulikuwa chini ya Arusha, na ukitaka muhuri mkubwa ulipanda basi, ukala vumbi, ukafika hata ndugu yako hakutambui. Kisha tukaambiwa Manyara ni mkoa, na Babati ndiyo makao makuu. Wageni wakaja na mafaili yao. Viatu vya ofisini vikaanza kupita mbele yangu, vyembamba, vyenye ncha, ambavyo mvua moja ya masika huvifungua midomo kama kambare wa ziwani. Kwangu ilikuwa neema. Na hilo jina la Manyara, wengi wa wageni hawakujua, ni jina la ule mti wa utomvu mweupe tunaoupanda kuzungushia nyumba zetu. Mkoa mzima umeitwa kwa jina la ua. Basi hata ugomvi wenyewe ulianzia kwenye ua.

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, alikuwa na shamba dogo na nyumba kule Nangara. Jirani yake alikuwa mzee mmoja dereva mstaafu wa malori, mgane, anaishi peke yake, watoto wote wako mbali kwenye madini. Alikuwa mtu wa utani na alikuwa na redio kubwa ya betri sita. Akifungulia taarifa ya habari, Nangara nzima imehabarika, na mbuzi pia. Ng'ambo ya mzee huyo alikaa shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene.

Mzee na mdogo wangu walivutana juu ya mstari wa manyara uliowatenganisha. Mzee alisema mstari umesogea hatua mbili kuingia kwake. Mdogo wangu alisema miti haina miguu. Siku moja kilabuni, wamekaa benchi moja, mdogo wangu akamwambia mbele ya watu, "Mzee, ukigusa tena manyara zangu, nitakufyeka wewe badala yake." Watu walicheka. Mzee ndiye aliyecheka kuliko wote, akamwagizia kikombe kingine. Lakini maneno ya kilabuni yana miguu, hata kama manyara haina.

Haikupita muda, asubuhi moja shangazi alisikia kimya. Redio haikulia. Alichungulia uani kwa mzee, akamkuta amelala chini karibu na mlango wa jiko, amepigwa kichwani, amekwisha poa. Redio haikuwepo, wala baiskeli. Hapo sitaki utani. Alikuwa mzee mwema, na hakustahili kufia chini.

Sasa sikilizeni tulichofanya, maana hiki ndicho kosa letu, nami nilikuwemo. Kwetu mtu hawezi kuachwa kalala nje jua likimwangalia. Wanaume tulimwinua tukamwingiza ndani, tukamfunika shuka. Wanawake wakamwaga maji pale chini, wakasugua mpaka weusi ukatoka. Mimi nilichukua fagio. Watu watakuja msibani, wakute uwanja mchafu? Nilifagia ua wote, kutoka mlangoni mpaka kwenye manyara, kwa mistari iliyonyooka, na nakumbuka nilijisifu moyoni kwamba nimefagia vizuri. Kisha tukachimba mashimo tukasimamisha turubai. Polisi walipofika walitukuta kama mia hivi, tumekanyaga kila mahali, na mafiga matatu yamewekwa tayari kwa uji.

Askari mkubwa wao alishika kiuno, akatazama mistari yangu ya fagio.

"Nani amefagia hapa?"

"Mimi, afande," nikasema, tena kwa fahari.

"Hongera. Umefagia ushahidi wote."

Walipouliza mzee alikuwa na ugomvi na nani, macho ya watu wote yalimgeukia mdogo wangu. Wakamtazama. Koti lake, lile analolivaa jua na mvua, lilikuwa na damu kavu kwenye mkono wa kulia. Akasema alichinja mbuzi Jumapili, kipaimara cha mwanawe, na kweli mimi mwenyewe nilikula ile nyama, mguu wa nyuma. Nikasema hivyo. Askari akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikajibu, "Kaka yake." Akaacha kuandika. Mchana ule walimchukua, na koti, na makatambuga yake aliyoshonewa na mimi. Aliondoka pekupeku ndani ya gari, ananitazama kupitia nyavu, na mdomo wake unasema kitu nisichokisikia. Baadaye aliniambia alikuwa anasema, "Kaka, nifungie mbuzi." Jike la yule mbuzi aliyemchinja lilikuwa limefunguka.

Kesi ya kuua mwisho wake ni kitanzi, kila mtu alilijua hilo. Mke wa mdogo wangu aliacha kula. Mimi niligonga misumari kwenye vidole vyangu siku nzima.

Siku ya tatu ndipo alipokuja yule binti. Kwa vile sasa sisi ni mkoa, alikuwa ameletwa afisa wa polisi wa kuchunguza vitu kwa utaalamu. Tulitegemea jitu lenye masharubu. Akashuka msichana mfupi, amevaa suruali, amebeba sanduku la bati kama la mwanafunzi wa bweni. Aliomba aonyeshwe ua. Akazunguka, anainama, anainuka. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, na kile kidogo ambacho fagio langu lilisaza kilikuwa kimekwenda na maji.

Ila nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapokwenda na udongo ni laini siku zote, shangazi yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mbele yake pana karai lake la kubebea mchanga, limefunikwa kifudifudi, juu yake jiwe. Alikuwa amekaa hapo tangu msiba uanze. Sisi tulidhani ni majonzi.

"Shikamoo bibi," akasema yule afisa.

"Marahaba mwanangu. Usikanyage hapo."

"Kuna nini chini ya karai?"

"Kuna unyayo."

Yule binti akachutama taratibu, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kumshtua.

"Unyayo wa nani, bibi?"

"Wa aliyemuua jirani yangu. Niliukuta asubuhi ile, kabla hawa hawajaja na kelele zao na fagio la huyu," akaninyooshea kidole mimi, mtoto wa kaka yake, mbele ya serikali. "Umetoka jikoni, umeelekea kwenye manyara. Mzee wa watu alikuwa havai tairi, alikuwa anavaa malapa ya bluu. Nikaufunika."

"Mbona hukuwaambia polisi waliokuja siku ile?"

"Waliniuliza vilivyoibwa. Nikasema redio na baiskeli. Hawakuniuliza habari za karai langu."

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo hawajui. Wazee wetu waliamini mtu akifanya ubaya akaacha unyayo, ukizoa ule udongo ukampelekea mganga, mwenye mguu atavimba miguu popote alipo mpaka aje mwenyewe akiri. Kwa hiyo unyayo wa mwizi haukanyagwi, unafunikwa. Shangazi alikuwa anamngoja mganga mmoja wa upande wa Mutuka, ambaye alikuwa amesafiri. Ndiyo sababu alikaa pale siku tatu na hakumwamini mtu.

"Bibi," akasema afisa, "huo unyayo ninauhitaji mimi."

"Ni wa mganga."

"Hata mimi ni mganga kwa namna yangu."

Shangazi akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Wewe? Dawa zako ziko wapi?"

Binti akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na kamera, rula, vijiti vyenye pamba, vichupa, na mfuko wa unga mweupe.

"Unga," shangazi akasema, akitikisa kichwa. "Hata yule wa Mutuka ana unga. Wako unafanya nini?"

"Nachanganya na maji, namimina kwenye unyayo, unakauka unakuwa jiwe. Ni plasta, kama ile ya hospitali ya kufungia mguu uliovunjika. Nikiinua, soli ya huyo mtu ninayo mkononi, na kila mkwaruzo wake. Bibi, mtu hawezi kuingia mahali asiache kitu, wala hawezi kutoka bila kuondoka na kitu. Mimi kazi yangu ni kutafuta hivyo viwili."

"Sasa si ndiyo yale yale tunayosema sisi?" Shangazi alicheka, mara yake ya kwanza tangu msiba. "Wamekupeleka shule miaka yote hiyo ukafundishwe kufunika unyayo! Haya. Lakini ukimaliza, udongo ni wangu."

"Wote ni wako, bibi."

Akainua jiwe. Akainua karai. Na kweli, mvua haikuugusa. Unyayo mmoja wa mguu wa kulia, mzima, kama ulioandikwa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale, na katika hatua nne nikaona alama za tairi, zile za kupindapinda kama mgongo wa nyoka, nikajua hiyo ni kazi ya mkono wangu. Tairi lile nalijua. Nililipata kwenye lori lililoharibika upande wa Maisaka, na mdogo wangu alikuwa amevaa soli za tairi lile lile.

Nilirudi kwenye ukuta wangu nikakaa, sikushika nyundo. Mwenye duka akaniletea chai bila kuniambia neno juu ya ukuta, nikajua kwamba uso wangu umeharibika.

Kesho yake binti alikuja. Alikuwa amebeba vitu viwili vimefungwa kwenye gazeti. Akaomba kigoda, akakaa, akanitazama ninavyoshona kiatu cha mtoto wa shule.

"Mzee wangu, wanasema makatambuga yote ya Babati ni yako."

"Siyo yote. Yapo na mabaya."

Akacheka. Kisha akafungua gazeti la kwanza. Ilikuwa soli ya jiwe jeupe, unyayo umegeuzwa juu chini. Nimekata soli elfu na elfu, lakini sikuwahi kuona soli yangu imegeuka jiwe. Niliogopa kuigusa, kama vile ni mtoto wangu amekufa.

"Hii ni kazi yako?"

Nitasema ukweli, maana nikidanganya hapa nitakuwa nimewapotezea muda. Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nilifikiri, nikisema siyo yangu, ataondoka, na mdogo wangu atapona. Lakini jicho la fundi halina adabu. Wakati moyo unatafuta uongo, jicho lilikuwa tayari linasoma. Na lilisoma kisigino.

"Ni kazi yangu," nikasema. "Lakini siyo ya mdogo wangu."

"Sikukuuliza ya nani."

"Nakuambia. Leta ya kwake, najua umeibeba."

Akafungua gazeti la pili. Makatambuga ya mdogo wangu, maskini, na matope ya Nangara bado yamo.

"Angalia, afande. Huyu alikanyagwa na maksai mguu huu akiwa mdogo, anatembelea ukingo wa nje. Soli yake imelika huku nje. Ya jiwe lako imelika ndani, kwenye kisigino. Tena angalia hapa. Vichwa vitatu vya misumari, vipana kama punje za mahindi. Hiyo ni misumari ya bati. Mimi sigongi misumari ya bati kwenye viatu, ni aibu. Niligonga mara moja tu, masika haya, misumari midogo iliniishia, barabara ya Arusha imekatika na mzigo haujafika. Ya mdogo wangu haina."

Alitoa rula, akapima, akaandika. Alitumia muda mrefu. Mimi nilikuwa natoka jasho kama mtu anayepandishwa mlima Kwaraa na mzigo.

"Mzee wangu," akasema mwisho, "maneno yako ni mazuri. Lakini wewe ni kaka yake. Wakili atasimama aseme umesema hivyo kwa ajili ya undugu wa damu. Ninahitaji soli yenyewe. Soli haina ndugu."

"Hiyo misumari nilimgongea kijana mmoja mbeba mizigo..." Nilikumbuka. Jamani, nilikumbuka nikasimama mpaka kigoda kikaanguka.

Yule kijana alikuwa mchangamfu, mtu wa "mambo, babu" na "poa, babu". Ndiye aliyekuwa akimbebea mzee betri za redio kutoka mjini. Siku ya pili ya msiba alikuja kwangu, akanipa pole, pole nzuri kabisa, akasema, "Babu, nibadilishie soli, hizi zimekwisha." Nilizitazama. Hazikuwa zimekwisha. Zilikuwa na miaka mitano mbele. Lakini fundi hambishii mteja, tena mimi akili yangu ilikuwa mahabusu na mdogo wangu. Nikabandua, nikamwekea mpya. Akaniambia, "Hizo za zamani tupa tu, babu."

Tupa! Kuniambia mimi nitupe!

Nikainama kwenye gunia. Binti alipiga kelele, "Usiguse! Mzee, tafadhali, usiguse!" Akavaa glavu nyembamba, akapiga magoti mbele ya gunia, huyo mke wangu wa pili, akaanza kutoa soli moja moja, na mwenye duka akatoka, na wateja wake wakatoka, na mama muuza ndizi, tukamzunguka kama watu wanaotazama bahati nasibu. Alitoa soli ya mchungaji wa kanisa. Alitoa soli ya mwalimu wangu wa darasa la tatu, Mungu amrehemu. Alipoitoa ile ya kulia, yenye misumari mitatu, aliishika kwa ncha za vidole. Aliiweka juu ya lile jiwe jeupe. Zikakaa. Mkwaruzo kwa mkwaruzo, msumari kwa msumari, kama mtu na kivuli chake.

"Mashallah," akasema mwenye duka. "Kumbe uchafu wako una maana."

Binti akageuza ile soli pembeni. Kwenye ufa ambamo mkanda wa mpira ulipita, akaingiza kijiti chenye pamba, kikatoka na wekundu kidogo, kidogo sana, ambao mimi nisingeuona hata kwa miwani. Akakitia kwenye kichupa. Akaniambia hicho, na kipande cha koti la mdogo wangu, vitakwenda maabara ya serikali Dar es Salaam, na huko damu itasema yenyewe ni ya nani.

Kijana alikamatwa Maisaka siku ile ile. Baiskeli haikupatikana, lakini redio ilikuwa uvunguni mwa kitanda, imefungwa kwenye blanketi. Lakini alisema aliinunua kwa mtu asiyemjua, na wapo walioamini, maana alikuwa na tabasamu zuri. Kwa hiyo tukangoja Dar es Salaam. Tulingoja, tukangoja. Mahindi yalitoa mbelewele, yakakauka, yakavunwa, na mdogo wangu bado yuko ndani. Nilimpelekea chakula kila walipokubali. Aliniuliza habari za mbuzi, za mahindi, na mwishowe za manyara. "Kaka," akaniambia siku moja, "mzee alikuwa anasema kweli. Niliisogeza. Hatua mbili. Nilifikiri atakufa uzeeni nami nitabaki nazo." Alilia. Nikamwambia jike lake limezaa mapacha.

Majibu yalikuja. Damu ya kwenye koti ilikuwa ya mbuzi. Damu ya kwenye ufa wa soli ilikuwa ya mtu, na ilipolinganishwa kwa vinasaba na ile waliyoihifadhi ya marehemu, ilikuwa yake. Binti alinieleza vinasaba ni kama alama ya tairi, ila imo ndani ya mwili, na hakuna wawili waliokatwa kwenye tairi moja isipokuwa mapacha wa kufanana. Nilielewa mara moja. Laiti mwalimu wangu angefundisha hivyo, nyuki wasingeniweza.

Mahakamani niliitwa shahidi. Wakili wa yule kijana, mtu wa tai, akaniuliza, "Mzee, elimu yako?"

"Darasa la tatu."

"Na unataka mahakama ikuamini kama mtaalamu wa nini hasa?"

"Wa miguu," nikasema. "Kama wewe, mheshimiwa, unaegemea kushoto, na soli yako ya kulia karibu itaachia."

Jaji aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake muda mrefu kidogo. Yule kijana alipatikana na hatia. Sitasema zaidi juu yake, ana mama, na mama yake ni mteja wangu mpaka leo, na siku akija tunazungumza habari za mvua tu.

Mdogo wangu yeye alikuwa ameachiwa mapema, majibu yalipofika. Makatambuga yake yalibaki polisi, yameandikwa namba, kwa hiyo alitoka mlangoni pekupeku kama alivyoingia. Alikuja moja kwa moja kwenye ukuta wangu. Nilimwinua mguu, nikauweka juu ya goti langu, nikaanza kupima, naye akasema, "Kaka, haraka, nina kazi Nangara." Nikagonga pale pale, yeye amekaa, mwenye duka anatukatia kashata na hataki tumlipe.

Shangazi alikuwa bado na udongo wake kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Mganga wa Mutuka alikuwa amerudi zamani, akaja kuuchukua, shangazi akamfukuza: "Wewe ulikuwa umesafiri. Binti wa serikali alikuwepo." Tulipofika Nangara, alimtazama mdogo wangu miguuni, akaona haijavimba, akaridhika, akampa kopo.

Mdogo wangu akachukua jembe. Aling'oa mstari wa manyara mti mmoja mmoja, utomvu unamtiririka mikononi, nami nikamwonya alinde macho, maana ule utomvu hupofusha. Akahesabu hatua mbili kurudi kwake. Kwenye shimo la kwanza akamwaga ule udongo wa unyayo, akapanda mti juu yake, akaukanyagia kwa makatambuga mapya.

"Shangazi," akauliza, "hapa ndipo mzee alipokuwa anasema?"

Shangazi akafumba jicho moja, akapima kwa mkono.

"Kidole kimoja zaidi," akasema.

Akaung'oa, akaupanda upya kidole kimoja zaidi.

Mwana wa marehemu alirudi kutoka madini, anakaa pale sasa. Redio polisi walimrudishia. Asubuhi akiifungulia, Nangara nzima inahabarika. Mdogo wangu analalamika masikio, lakini asubuhi asipoisikia, huenda kugonga mlango.